Kanuni za Mahakama Kuu: Asili Yake na Jinsi Zinavyobadilishwa

Neno kanuni tumelipokea kwa Waarabu, nao walilipata kwa Wayunani, ambao kwao lilikuwa jina la ufito ulionyoka wa kupimia. Katika lugha yetu limekaa karibu sana na neno sheria, hata watu wengi huyatumia mawili haya kana kwamba ni pacha. Lakini mahakamani si mamoja. Sheria hutuambia shamba ni la nani. Kanuni za mwenendo hutuambia mwenye shamba aingie kwa mlango upi, na karatasi gani mkononi, na kwa muda gani, ili apate kulidai. Sheria yaweza kuwa upande wako waziwazi, nawe ukashindwa mlangoni.

Jambo hili tuliliona kwa macho kabla hatujalisoma vitabuni. Miaka kadhaa iliyopita tulimsindikiza mzee mmoja, jirani yetu, aliyetaka kumdai mtu fidia ya minazi yake iliyokatwa bila ruhusa. Mzee alikuwa ameandikiwa hati ya madai na kijana mmoja wa duka la kuchapa karatasi, nayo ilieleza kila jambo: ni minazi mingapi, ilikatwa siku gani, na nani aliyeshika shoka. Haikutaja thamani ya madai kwa jumla. Basi ikakataliwa. Hakimu alikuwa mtu mpole, akamweleza kwamba kukataliwa kwa hati si kushindwa, maana aweza kuleta nyingine. Njiani mzee akatuuliza, “Mwalimu, huyo aliyeweka neno hilo la thamani ni nani? Nataka nikamwone.” Siku ile tulicheka. Baadaye tuliona ya kuwa swali lake lilikuwa swali la haki, na haya tunayoandika ni jibu letu lililochelewa.

Aliyeweka neno lile hakuwa mtu mmoja, wala hakukaa katika nchi yetu. Yatupasa kuvuka bahari mpaka Bara Hindi. Huko, wakati Waingereza walipokuwa wakitawala kwa mkono wa Kampuni yao ya biashara, zilikuwako mahakama za namna mbili. Katika miji mikubwa mitatu, yaani Calcutta, Madras na Bombay, zilikuwako mahakama za Mfalme zilizofuata mwenendo wa Uingereza. Na katika nchi za ndani zilikuwako mahakama za Kampuni, zenye taratibu zao wenyewe, tena zisizolingana. Mwaka 1859 ikatungwa sheria moja ya mwenendo wa mashauri ya madai kwa ajili ya hizo za ndani. Mwaka 1861 Bunge la Uingereza likaruhusu Mahakama Kuu ziundwe, nazo zikafunguliwa katika miji ile mitatu mwaka 1862, zikashika mahali pa mahakama za Mfalme na zile za juu za Kampuni pia. Ndipo sheria ya 1859 ilipoenezwa hata kwao.

Sheria hiyo haikutulia. Ilitungwa upya mwaka 1877, ikatiwa viraka mwaka 1879, ikatungwa upya tena mwaka 1882, na mara hiyo ikafika vifungu 652. Sababu ya mahangaiko hayo ni hii. Mambo makubwa na madogo yalikuwa yamechanganywa pamoja. Kama mahakama ina uwezo juu ya mtu, hilo lilikuwa kifungu. Na jinsi karani atakavyobandika hati ya kumwita mtu shaurini juu ya mlango wa nyumba yake, hilo nalo lilikuwa kifungu. Mahakama Kuu ziliweza kujitungia kanuni zisizopingana na sheria, lakini kulisogeza neno moja la sheria yenyewe hazikuweza. Jaji aliyeona kila siku kwamba neno fulani lawakwaza watu ilimpasa angoje Baraza la kutunga sheria likutane, nalo lilikuwa na mambo yake mengine.

Huko Uingereza walikuwa wamekwisha kuionja taabu hiyo, wakatafuta dawa. Kwa sheria ya mwaka 1873, iliyoanza kazi mwaka 1875, mahakama za kale zilizokuwa mbalimbali ziliunganishwa. Na mwenendo wake ukaandikwa katika kanuni zilizopangwa kwa mafungu, ambazo majaji waliruhusiwa kuzirekebisha. Kanuni hizo zilikusanywa na kutolewa upya mwaka 1883.

Basi mwaka 1908, Bara Hindi walipotunga sheria yao kwa mara ya nne, waliipasua vipande viwili. Kwanza kuna mwili wa sheria, wenye vifungu 158, ambao ni wa watunga sheria peke yao. Kisha kuna Jedwali la Kwanza, lenye mafungu 51 yaitwayo Amri, na kila Amri ina kanuni zake ndani. Jedwali lina nguvu kana kwamba limeandikwa katika mwili wenyewe, ila Mahakama Kuu yaweza kuifuta kanuni yo yote iliyomo, au kuigeuza, au kuongeza nyingine. Atakaye mfano na atazame nyumba ya makuti. Nguzo na boriti hazing'olewi ovyo. Makuti huezuliwa na kuezekwa upya kila yanapovuja, na watu wakaendelea kulala ndani. Sheria ya 1882 ilikuwa nyumba ambayo makuti yake yamepigiliwa misumari katika boriti.

Uwezo huo majaji hawakupewa bila mipaka, na mipaka yenyewe yastahili kutazamwa. Kanuni mpya haiwezi kupingana na mwili wa sheria. Ni lazima itangazwe kwanza, watu wapate kuiona kabla haijashika. Ni lazima Serikali iikubali. Tena mahali penye Mahakama Kuu pawe na kamati ya kanuni: majaji watatu wa Mahakama Kuu, na mawakili, na hakimu wa mahakama ya madai iliyo chini, na katika wale majaji watatu, mmoja angalau awe amepata kuwa jaji wa wilaya kwa miaka mitatu. Sharti hilo la mwisho latupendeza sana. Aliyelitia alijua ya kuwa mtu aliyekaa mjini daima hawezi kujua hati ya kuitwa shaurini hupotelea wapi kati ya mji na kijiji. Illa mdai mwenyewe, yule wa minazi, hana kiti katika kamati hiyo.

Matokeo yake yalikuwa ya namna mbili. Kanuni ziliweza kutengenezwa kwa wepesi. Lakini kila Mahakama Kuu ilitengeneza zake, hata Amri yenye namba moja ikasomeka hivi Allahabad na vile Madras, na wachapishaji wa vitabu vya sheria ikawabidi kuonyesha, chini ya kanuni ile ile, mageuzi ya kila mahakama. Mwaka 1976 Bunge la India lilirekebisha Jedwali lenyewe na kufuta mageuzi ya mahakama yaliyopingana na marekebisho hayo. Mageuzi ya 1999 yalikaza muda wa mdaiwa kuleta majibu yake. Mawakili wakapiga kelele, na yalipoanza kazi mwaka 2002 yalikuwa yamelegezwa, muda wa mwisho ukawa siku 90. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ikasema kwamba hata siku hizo 90 si ukuta, jaji aweza kuzizidisha penye sababu ya kweli. Kwa hiyo mvutano kati ya anayeiandika kanuni na anayeitumia haukwisha mwaka 1908. Ulipewa mahali pa kukaa tu.

Sasa turudi kwetu. Sheria hizi zilivuka bahari kwa njia ile ile ya nguo na mchele. Wahindi wa Kutch na Gujarat walikuwa wakifanya biashara Unguja tangu zamani, na wengi wao walihesabiwa raia wa Uingereza. Kwa hiyo balozi wa Kiingereza Unguja aliwekewa mahakama ya kuwahukumu, na rufani zilikwenda Bombay. Mwaka 1897 sheria za Bara Hindi zilipelekwa katika nchi ambayo sasa ni Kenya. Tanganyika ilikuwa bado chini ya Wadachi, nao walikuwa na mahakama zao, na mahakama yao ya juu Dar es Salaam. Yalikwisha pamoja na utawala wao.

Mahakama Kuu ya Tanganyika ilianzishwa kwa amri ya Mfalme wa Uingereza ya tarehe 22 Julai 1920, na Jaji Mkuu wake wa kwanza alikuwa William Morris Carter. Amri ile ilisema kwamba mahakama hiyo itafuata sheria za Bara Hindi za mwenendo wa madai, za mwenendo wa jinai na za adhabu. Na pale zisipotosha, itafuata sheria za Uingereza kama zilivyokuwa siku ile. Ndivyo neno la thamani lilivyoingia nchini, limo katika Amri ya 7, kanuni ya kwanza, ambayo hutaja yote yanayotakiwa katika hati ya madai: jina la mahakama, mdai ni nani na akaa wapi, mdaiwa vivyo hivyo, mambo yaliyozaa dai na yalipotukia, sababu za mahakama hiyo kuwa na uwezo, kinachoombwa, na thamani. Thamani haikuwekwa kwa kumtesa mtu. Kwayo hujulikana kama shauri ni la mahakama hii au ya juu yake, na ada yake ni kiasi gani. Hilo tungalimweleza mzee siku ile, kama tungalilijua.

Lakini babu zetu wengi hawakukutana na sheria hiyo kamwe. Mashauri yao yalisikilizwa katika mabaraza ya wenyeji, na kwa sheria ya mwaka 1929 mabaraza hayo yaliondolewa chini ya macho ya Mahakama Kuu, yakawekwa chini ya maofisa wa utawala. Huko hakuna aliyeulizwa thamani kwa maandishi. Mtu alisimama akasema, akajibiwa, wazee wakauliza. Tusiisifu desturi hiyo kupita kipimo. Aliyekuwa akihukumu ndiye aliyekuwa akikusanya kodi, na mtu aliyechukiwa na jumbe hakuwa na Amri wala kanuni ya kushika mkononi. Karatasi ina ugumu wake, lakini karatasi haina shemeji.

Mnamo mwaka 1930 Tanganyika ilipata sheria zake za adhabu na za mwenendo wa jinai, na zile za Bara Hindi zikaachwa. Ya madai haikuguswa. Kenya ilijitungia yake mwaka 1924, na Uganda yake ikaanza kazi mwaka 1929. Tanganyika ikaendelea na ile ya 1908, hata Bara Hindi ilipopata uhuru mwaka 1947, hata Tanganyika yenyewe ilipopata uhuru mwaka 1961. Mwaka 1963 ikatungwa sheria ya kuunganisha mahakama zote kuwa ngazi moja, na mwaka 1964 mahakama za mwanzo zikapewa kanuni zao za madai, fupi na nyepesi. Mwaka 1966 ndipo Bunge lilipotunga sheria ya Tanzania ya mwenendo wa madai, ambayo sasa ni Sura ya 33 ya sheria zetu.

Aisomaye atamwona mama yake usoni. Mwili upo, Jedwali lipo. Hati ya madai imo katika Amri ya 7 kama Bara Hindi, na kukaza hukumu, yaani kumtoa mshindwa kile alichoamriwa, kumo katika Amri ya 21 kama Bara Hindi. Baadhi ya nyingine zimesogea namba. Lakini mkono wenye uwezo wa kuezeka makuti umebadilika. Hapa sheria humtaja Jaji Mkuu, naye hubadilisha Jedwali kwa idhini ya Waziri wa mambo ya sheria, kwa tangazo katika Gazeti la Serikali. Kenya waliishika njia ya kamati, wenye kukaa ndani yake majaji, Mwanasheria Mkuu na mawakili, na kanuni mpya za Kenya za mwaka 2010 zilitoka kwa kamati hiyo. Kila njia ina uzuri wake. Mkono mmoja hufanya haraka; kamati husikia mengi. Sisi twaiona ya kamati kuwa salama zaidi, hasa ikikumbuka sharti la jaji wa wilaya, ingawa twakiri ya kuwa badiliko kubwa kupita yote katika kanuni zetu lilifanywa kwa njia ya mkono mmoja.

Badiliko hilo ni la mwaka 1994, wakati wa Jaji Mkuu Francis Nyalali. Mashauri yalikuwa yamelundikana, na mengine yalirithiwa na watoto wa wadai. Kwa tangazo namba 422 la mwaka ule mambo mawili yalitiwa katika Jedwali. La kwanza ni kwamba kila shauri lipangiwe mwendo wake tangu mwanzo: la haraka likamilike katika miezi 10, linalofuata miezi 12, la tatu miezi 14, na lile zito miezi 24. La pili ni kwamba kabla ya kusikilizwa, wenye shauri wakutanishwe mbele ya msuluhishi. Twalitazama jambo hili kwa mshangao kidogo. Usuluhishi, ambao wazee wetu waliufanya chini ya mti bila Jedwali, uliingia Mahakama Kuu kwa mlango wa kanuni za Bara Hindi zilizogeuzwa, na wanasheria wakaupokea kama mgeni kutoka ng'ambo. Mzee wetu hati yake ya pili ilipokubaliwa, shauri lilipelekwa kwa hakimu mwingine, asiye yule ambaye angelisikiliza, nao wakaketi chumbani watatu. Walitoka saa sita wamekwisha kupatana: fedha nusu, na miche ya minazi ipandwe na mkataji mwenyewe. Miezi ile iliyopangwa haikutumika hata robo.

Hata hivyo makuti mapya hayakuziba kila tundu. Kwa miaka mingi mahakama zetu za juu zilishika mwendo mgumu: mleta maombi aliyetaja kifungu kisicho chake, au kanuni isiyohusika, maombi yake yaliondolewa, hata kama kila mtu aliyekuwamo alifahamu anaomba nini. Kisha aliambiwa arudi na kifungu kilicho sawa, na pengine muda wake ulikuwa umekwisha pita, ikambidi aombe kwanza kuongezewa muda, naye akikosea tena katika ombi hilo, hivyo hivyo. Mwaka 2000 Katiba iliongezewa ibara inayozitaka mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Mwendo haukubadilika mara moja. Mwaka 2018 Bunge likaugusa mwili wa sheria ya madai, likaweka humo lengo kuu ambalo kanuni zote zilitumikie: shauri limalizwe kwa haki, kwa wepesi, na kwa gharama ambayo watu waiweza.

Mgawanyo wa mwaka 1908 waonekana hapa. Jaji Mkuu hakuweza kulitia lengo hilo katika mwili kwa tangazo. Mwili ni wa Bunge. Lakini lengo likiisha kukaa katika mwili, kila kanuni ya Jedwali yasomwa chini yake, kwa kuwa kanuni haiwezi kupingana na mwili. Majaji nao hawakukawia kusema kwamba lengo hilo si ufunguo wa kila kufuli, na kwamba sharti lililo la lazima lingali la lazima. Tulipolisoma neno hilo tulimkumbuka mzee na thamani yake. Ingekataliwa hati ile hata leo? Twadhani ingewezekana, maana thamani yagusa uwezo wa mahakama wenyewe. Lakini twadhani pia kwamba hakimu angeweza kumruhusu airekebishe pale pale, asilipe ada mara mbili.

Mengine tutayapita upesi. Mwaka 2012 Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu, kilichoanzishwa mwaka 1999, kilipata kanuni zake chenyewe. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za kupeleka hati mahakamani kwa njia ya kompyuta. Mwaka 2019 Jedwali likarekebishwa tena. Mwaka 2021 zikatoka kanuni za kusikiliza shauri watu wakiwa mbali mbali.

Lililo karibu zaidi na kazi yetu ni la lugha. Zamani katika Mahakama Kuu mtu aliweza kusema Kiswahili, lakini kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza, hata mdai akarudi nyumbani na karatasi ya ushindi wake asiyoweza kuisoma. Mwaka 2021 Bunge likatunga sheria iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na mwaka 2022 zikatolewa kanuni za kueleza ni katika hali gani Kiingereza chaweza kutumiwa bado.

Hapo kazi ya maneno imeanza, nayo si ndogo. Hati ya madai ni jina zuri, hujieleza lenyewe. Mdai na mdaiwa ni mazuri, ila wenye haraka hukosa kuisikia silabi moja ya mwisho, na shauri zima likageuka. Linalotusumbua hasa ni Amri. Mafungu ya Jedwali yaliitwa hivyo kwa kufuata kanuni za Uingereza, na wafasiri wetu wengi wamelitwaa jina kama lilivyo. Lakini neno lile lile ni jina la agizo atoalo jaji. Kwa hiyo jaji hutoa amri chini ya Amri, na mwenye shauri aliyeketi nyuma hajui ni ipi iliyotolewa leo na ipi ilitoka Calcutta. Macho husaidiwa na herufi kubwa. Masikio hayana herufi kubwa. Tulifikiri fungu lingefaa, lakini lakaribia mno kifungu, na kifungu ni cha mwili. Sura imekwisha kutwaliwa, maana sheria yenyewe nzima ni Sura ya 33. Limebaki neno mlango, ambalo vitabu vya zamani vililitumia kwa sehemu za kitabu, na shuleni tulizoea kusema mlango wa tatu, mlango wa nne. Mlango wa 7, kanuni ya 1: hati ya madai. Sisi hatuoni ubaya wake, na tungependa kusikia wasomaji wetu wa pwani na wa bara wasemaje.